Mwanangu ana kipaji na majigambo: je, vyuo vya Marekani hujali tabia?

SWALI: Kocha, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Houston na familia yangu. Mwanangu ana miaka 17, ni kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, wa timu ya futiboli ya Kimarekani shuleni kwao, na makocha wa vyuo wameanza kumwandikia. Juzi juzi alifunga, kisha akarudi kusimama juu ya mlinzi aliyekuwa bado chini, akawa anamnyooshea kidole na kumcheka. Timu ikarudishwa nyuma yadi 15 kama adhabu. Kocha wao alicheka tu. Mimi pale jukwaani niliona haya mpaka nikainama. Baba yake ananiambia nimwache mtoto, nyota wote wa vyuo wako hivyo na tuzo wanapewa. Je, huko vyuoni tabia inahesabiwa kweli, au ni maneno ya kwenye hafla?

JIBU: Dada, nianze na upande wa shemeji, kwa sababu ushahidi anao na si haki kumpuuza.

Septemba 2017 Chuo Kikuu cha Oklahoma kilikwenda Columbus kuifunga Ohio State 31 kwa 16. Mchezo ulipokwisha, kwotabeki wao Baker Mayfield alichukua bendera kubwa ya chuo chake, akakimbia nayo hadi katikati ya uwanja na kuichomeka juu ya nembo ya wenyeji. Baada ya siku mbili akaomba radhi. Novemba mwaka huohuo walikwenda Kansas. Manahodha wa Kansas walikataa kumpa mkono wakati wa kurusha sarafu, jambo ambalo nalo lilikuwa utovu wa adabu, na mchezo ukawa wa matusi tangu mwanzo. Katikati ya mchezo kamera zikamnasa Mayfield akijishika sehemu za siri na kuitukana benchi ya Kansas. Oklahoma ilishinda 41 kwa 3, kwa hiyo hata kusema alikuwa na presha ya matokeo haiwezekani. Chuo kilimvua unahodha kwa mchezo uliofuata dhidi ya West Virginia na kumwanzisha benchi. Alikaa hapo muda mfupi tu, kisha akaingia. Wiki chache baadaye alipewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, kwa kura nyingi mno, na Aprili 2018 akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa katika drafti ya NFL, pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua vijana wa vyuo.

Kwa hiyo jibu la moja kwa moja ni hili: tuzo haipimi tabia. Heisman hutolewa tangu 1935, wa kwanza akiwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, na wanaoitunza hueleza kwamba ni ya mchezaji anayeutafuta ubora kwa uadilifu. Ila wapigakura ni mamia ya waandishi wa habari za michezo pamoja na washindi wa zamani, na wengi wao humjua kijana kwa takwimu zake na michezo mikubwa ya televisheni. Uadilifu ukiingia, huingia kwa kuchelewa. Reggie Bush wa Chuo Kikuu cha Southern California (USC) aliipata ya 2005, akairudisha 2010 baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba yeye na familia yake walipokea fedha na zawadi zilizokatazwa, kisha 2024 akarudishiwa kwa hoja kwamba michezo ya vyuo imebadilika sana. Nakueleza haya ili usije ukamwambia mwanao kwamba mwenye adabu ndiye hushinda. Ataangalia simu yake dakika tano na kukuonyesha kwamba sivyo.

Lakini shemeji anakosea mahali pamoja, na ndipo penye uzito. Anadhani nyota huachwa kwa sababu tabia haina maana. Wanaachwa kwa sababu wanahitajika Jumamosi ijayo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake utaiona kwenye adhabu.

Agosti 2013 Texas A&M ilimfungia Johnny Manziel, aliyekuwa amepata Heisman akiwa mwaka wake wa kwanza wa kucheza, kwa sababu ya maswali kama alilipwa kwa sahihi alizowawekea wafanyabiashara. Alifungiwa nusu mchezo, dhidi ya Rice, timu ambayo kila mtu alijua wataifunga. Aliingia kipindi cha pili, na badala ya kutulia akaanza kuwafanyia wachezaji wa Rice ishara ya kuweka sahihi na ya kuhesabu pesa, akapewa adhabu ya yadi 15, kocha Kevin Sumlin akamtoa. Mwaka uliofuata Jameis Winston wa Florida State, naye akiwa na Heisman tayari, alipanda mahali pa wazi chuoni na kupayuka maneno machafu. Adhabu ya kwanza ilikuwa nusu mchezo, dhidi ya Clemson. Chuo kikarudi na kuifanya mchezo mzima. Kabla ya mchezo Winston akatoka chumbani kupasha misuli akiwa amevaa jezi, pedi za mabega na vyote, kana kwamba adhabu ni ya mtu mwingine. Kocha Jimbo Fisher ikabidi amfuate na kumrudisha akabadilishe nguo, kamera zote zikitazama.

Nimeiangalia picha hiyo ya video mara nyingi, na sijawahi kumcheka yule kijana. Ana miaka ishirini na hajaelewa kwamba amefungiwa, maana ni nani aliyewahi kumfungia? Tangu akiwa wa umri wa mwanao, kila alipokosea kulikuwa na mtu mzima wa kulifupisha kosa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huku Marekani wanaomsifu mgema wana vituo vya televisheni na viwanja vya watu laki moja.

Adhabu ya nusu mchezo hupima ni kiasi gani chuo kinamhitaji kijana. Mchezaji wa akiba wa safu ya tatu akifanya hayohayo anarudishwa kwao, na hakuna mwandishi atakayeuliza. Mwanao leo anaona anaangukia kundi la nyota, na pengine ni kweli hapo shuleni. Chuoni atakuta makwotabeki wengine wanne, kila mmoja alikuwa nyota kwao. Siku atakayoingia, yeye ndiye atakuwa wa akiba. Wakati huo kipimo cha nyota hakitamhusu hata kidogo.

Sasa nikueleze juu ya kijana wa jirani zenu. Jalen Hurts ametoka Channelview, mji mdogo mashariki mwa Houston, mwana wa kocha wa shule ya sekondari. Alipofika Alabama alianza kama kwotabeki wa kwanza akiwa na miaka 18, jambo ambalo kocha Nick Saban hakuwa na mazoea ya kumruhusu mtoto mgeni. Katika miaka miwili alishinda michezo 26 akiwa ameanza na kupoteza 2. Kisha ikaja tarehe 8 Januari 2018, fainali ya taifa dhidi ya Georgia, uwanja wa Mercedes-Benz, Atlanta. Wakati wa mapumziko Alabama walikuwa nyuma 13 kwa 0. Saban akamweka Hurts benchi, akamwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza. Tua akageuza mchezo na Alabama wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza.

Tafuta mchezo huo, umkalishe mwanao, na mwambie asimwangalie Tua. Amwangalie Hurts pembeni ya uwanja kipindi cha pili. Hakuvua pedi, hakujifunika taulo kichwani. Alikwenda kwa mwenzake kila waliporudi benchi, akazungumza naye, na pasi ya mwisho ilipofika alikuwa miongoni mwa waliorukaruka. Mbele ya nchi nzima alikuwa amepoteza kazi yake, na mbele ya nchi nzima ikambidi aonyeshe sura.

Watu wengi hukomea hapo na kumsifu. Kwangu kilichofuata ndicho kizito zaidi, kwa kuwa usiku mmoja mtu anaweza kujikaza. Hurts alibaki Alabama msimu mzima uliofuata kama mchezaji wa akiba, akaenda mazoezini kila siku akijua Jumamosi atakaa, na Desemba 2018 akahitimu shahada yake. Mwanzoni mwa mwezi huohuo, fainali ya SEC, kanda ya vyuo vya kusini-mashariki, wapinzani ni Georgia walewale na uwanja ni uleule wa Atlanta, Tua akaumia katika robo ya nne. Alabama wako nyuma 28 kwa 21. Hurts akaingia, akarusha pasi ya tachidauni (bao la kuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani) ya kusawazisha, kisha zikiwa zimebaki dakika kama moja akakimbia yadi 15 mwenyewe na kufunga la ushindi. Ikawa 35 kwa 28. Baadaye alihamia Oklahoma akiwa na shahada mkononi, akawa wa pili katika kura za Heisman za 2019, na Februari 2025 aliiongoza Philadelphia Eagles kutwaa Super Bowl, fainali ya NFL, na kuchaguliwa mchezaji bora wa mchezo huo.

Sisemi Hurts alifika huko kwa sababu ya adabu, maana Mayfield naye yuko NFL na ni kwotabeki mzuri. Nasema kwamba bila ile tabia asingekuwepo benchi siku Tua alipoumia. Angekuwa ameondoka, au angekuwepo mwili bila akili. Tabia ndiyo iliyomweka tayari kwa nafasi ambayo hakuna aliyemwahidi. Na naogopa kusema kwamba leo kubaki namna ile ni kugumu zaidi. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani, na tangu Julai mwaka huohuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Tangu msimu wa 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Haya ni ya haki na yalichelewa, kwa maana vijana hawa walikuwa wakiwatajirisha wengine. Lakini sasa kijana akiwekwa benchi Jumamosi, Jumapili kuna mtu atamnong'oneza kwamba chuo fulani kina pesa na nafasi. Kujifunza kukaa benchi kunahitaji nyumba iliyomfundisha kabla hajaondoka.

Kuna jambo jingine nataka ulisikie wewe binafsi, dada, kwa vile unalea kijana mweusi katika nchi hii. Usichanganye furaha na utovu wa adabu. Mwanao akifunga akicheza ngoma na wenzake, mwache acheze. Kanuni zenyewe zina wasiwasi hapa: tangu 2011 katika futiboli ya vyuo, ukianza kejeli kabla hujavuka mstari, tachidauni yenyewe hufutwa. Oktoba mwaka huo Brad Wing wa Chuo Kikuu cha Louisiana State (LSU), Mwaustralia ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mpira kwa mguu tu, alidanganya kupiga akakimbia yadi 52 dhidi ya Florida, na alipokaribia mstari akatanua mikono yake kama mtoto anayejifanya ndege. Likafutwa. Mimi sioni kwamba pale kulikuwa na dharau kwa mtu yeyote. Dharau inahitaji mtu wa kudharauliwa, na alichofanya mwanao kilikuwa na mtu: alikuwa amelala chini, akitazama juu.

Na neno hili tabia limetumika vibaya dhidi ya vijana weusi kwa miaka mingi, kana kwamba aliye kimya ndiye mwema. Oktoba 1951 Johnny Bright wa Chuo Kikuu cha Drake, mweusi, aliyekuwa ameongoza nchi kwa yadi za mashambulizi misimu miwili mfululizo, alikwenda Stillwater kucheza na Oklahoma A&M. Katika dakika saba za kwanza aliangushwa akazirai mara tatu na mlinzi Wilbanks Smith, mara nyingine wakati mpira haukuwa naye kabisa. Taya likavunjika. Pamoja na hayo alirusha pasi ya tachidauni ya yadi 61 kabla hajatolewa. Picha zilizochapishwa na gazeti la Des Moines Register zilionyesha wazi pigo la makusudi, zikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari, mwaka uliofuata. Kanda ya michezo ya vyuo hivyo haikumwadhibu mtu. Drake wakajitoa katika kanda hiyo kwa hasira. Chuo kilichohusika, siku hizi Oklahoma State, kiliomba radhi rasmi mwaka 2005, Bright akiwa ameshafariki. Mwambie mwanao habari hii, ajue kwamba kumheshimu mpinzani hakumaanishi kunyamaza akionewa. Akipigwa kwa makusudi amwambie refa, amwambie kocha, na wewe uandike barua.

Utajiuliza kama aliyekwisha kuharibu anaweza kurudi. Anaweza. Septemba 2009 LeGarrette Blount wa Oregon, baada ya kufungwa 19 kwa 8 na Boise State (chuo hichohicho alichokuja kukisomea baadaye Rees Odhiambo, mzaliwa wa Nairobi aliyefika NFL 2016), alimpiga ngumi ya uso Byron Hout aliyekuwa amemfuata na kumkebehi. Kisha akazuiwa kwa nguvu akitaka kuwafuata mashabiki. Kocha Chip Kelly alimfungia msimu mzima. Si nusu mchezo. Blount hakuhama wala hakutoroka, aliendelea kufanya mazoezi na timu ambayo hangeichezea, na Novemba Kelly akamruhusu kurudi. Baadaye alitwaa Super Bowl tatu. Ile adhabu ndefu ilimfaa kuliko huruma ambayo Manziel alipewa, na Manziel aliachwa na timu yake ya NFL baada ya misimu miwili tu.

Sasa hatua za kuchukua. Shule za umma za Texas hucheza kwa kanuni za NCAA, kwa hiyo kejeli mbili katika mchezo mmoja ni kutolewa nje. Mwanao ajue kwamba tayari ametumia nusu ya nafasi yake siku ile. Na ajue makocha wa vyuo hawatazami vipande vizuri alivyobandika mtandaoni peke yake. Wakishapendezwa huomba mchezo mzima, na katika mchezo mzima wanaangalia baada ya filimbi: amerusha pasi ikaibwa, je, anamgombeza mpokeaji au anakimbia kumkaba mwizi? Mlinzi amemwangusha, je, anapokea mkono wa kuinuliwa? Ile yadi 15 imo kwenye video, na haifutiki.

Nenda kwa kocha wake, wewe na mumeo pamoja, mumwombe jambo moja: safari nyingine kijana akifanya vile, akae benchi mashambulizi mawili yanayofuata, hata kama mchezo unabana. Kocha asikilize kutoka kwenu kwamba hamtalalamika. Makocha wengi wa shule hucheka kwa kuwaogopa wazazi, na mkiwaondolea hofu hiyo wengine hufurahi. Kijana naye amtafute yule mlinzi. Wanajuana kwenye mitandao, hilo sina shaka nalo. Maneno mawili yanatosha, na asiyapige picha.

Halafu siku kocha wa chuo atakapokuja kukaa sebuleni kwenu na kunywa chai yako, msiulize kuhusu pesa kwanza. Mwulize hivi: kwotabeki wenu aliyepoteza nafasi yake msimu uliopita yuko wapi sasa, na nani alizungumza naye usiku ule? Pia mwulize lini mara ya mwisho alimkalisha nje mchezaji wake bora, kwa muda gani, na dhidi ya nani. Akikutajia mtu na mchezo, mkaribishe chakula. Akianza kukusifia uwanja na rangi za jezi, mwachie amalize, kisha uliza tena.